Ukinunua ku WhatsApp, namba yako na karte yako zinabaki na nani?

Biashara ya mtandao imeingia mu kila quartier. Mutu wa Butembo anaagiza viatu kwa muuzaji wa Bukavu, analipa na M-Pesa ao Airtel Money, kisha anangojea muzigo. Goma, toka benki zilipofunga milango mu Januari 2025, telefone ndiyo imekuwa sanduku la feza kwa watu wengi.

Lakini angalia vitu mteja anaacha njiani: majina yake yote, namba, avenue anaishi, na mara ingine picha ya karte ya uchaguzi, juu muuzaji anataka kuhakikisha kama si mwizi. Vyote vinalala ndani ya telefone moja, ile ile watoto wa nyumba wanachezea.

Kibaya zaidi ni capture. Muuzaji anataka kuonyesha kama anauza kweli, basi anapiga capture ya mesaji ya malipo na kuiweka ku statut. Pale kunaonekana jina la mteja, namba yake na feza alizotuma. Tapeli hana tena kazi ya kutafuta. Anapiga simu: mama, zile dolari 40 ulizotuma asubuhi zimekwama, tupe kode yako ya siri tuzirudishe. Mama anaamini, juu ni nani mwingine angejua zile dolari 40?

Sheria iko. Katiba, kifungu cha 31, inalinda maisha ya siri ya kila mutu na mawasiliano yake. Na Code du numérique, amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inaomba habari za mutu zikusanywe kwa ruhusa yake na kwa kazi inayojulikana, zisibakizwe kupita muda wa ile kazi. Mwenyewe ana haki ya kuuliza unashika nini juu yake, na ya kusahihisha. Wengi wanasema hayo ni mambo ya benki na makampuni ya telefone. Hapana: ukishika daftari ya wateja kwa ajili ya kuuza, nawe umeingia ndani.

Kusema kweli, ile Code inaonekana iliandikiwa kampuni yenye ofisi na juriste, si mama anayeuza vitenge akiwa jikoni. Na mu Goma na Bukavu, miji iliyo mikononi mwa M23 toka mwanzo wa 2025, kushitaki mbele ya tribinali ya serikali ni safari ingine kabisa. Ndiyo maana kinga ya kwanza iko kwa muuzaji mwenyewe.

Nayo haiombi feza. Futa jina na namba mbele ya kutuma capture. Picha ya karte, ukisha kuiangalia, ifute. Tena ile groupe ya wateja 200: kila mmoja anaona namba za wengine wote, hata mabinti ambao hawakuomba kujulikana. Liste ya diffusion inapeleka tangazo lile lile bila kuonyesha namba ya mutu kwa mwenzake. Inaomba tu wateja wawe wameandika namba yako mu telefone zao.

Na wewe mnunuzi, muuzaji akiomba karte ya uchaguzi kwa peya moja ya viatu, muulize ni ya kazi gani. Akikosa jibu, duka si moja.