Ukifanya kazi saa moja kwa wiki, Kenya inakuhesabu una kazi

Jamani, kuna grafu moja imeninyima usingizi wiki hii nzima.

Nilikuwa naandika kijiprogramu cha kuchora mwenendo wa ajira hapa Kenya kutoka kwa ripoti za robo mwaka za Shirika la Takwimu Nchini, KNBS. (Majedwali yako ndani ya PDF, kwa hivyo nusu ya kazi ilikuwa kunakili kwa mkono. Hasira hiyo nitaifikia.) Robo ya kwanza ya 2020, ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 5.2. Robo ya pili corona imeingia, kafyu, hoteli zimefungwa, ukaruka hadi 10.4. Kwa wenye miaka 20 hadi 29 ulipita asilimia 20. Halafu kufikia robo ya mwisho ya mwaka huohuo: 5.4. Yaani Krismasi ya 2020 tulikuwa karibu tumepona kabisa! Wewe uliyekuwa Kenya Krismasi hiyo, uliyaona hayo?

Nikadhani programu ina hitilafu. Nikaipitia mstari kwa mstari, haina. Sasa nikarudi kusoma masharti ya kuhesabu, na hapo ndipo nilipochoka.

Ukifanya kazi ya malipo hata saa moja katika siku saba, umeajiriwa. Na ili uhesabiwe kuwa huna kazi, ni lazima uwe umetafuta kazi katika wiki nne zilizopita. Aliyekata tamaa hayuko huku wala kule. Anaondolewa kwenye nguvukazi.

Chukua vijana kumi wa ploti moja. Sita wana kazi, wanne wanatafuta. Hiyo ni asilimia 40. Watatu kati ya hao wanne wakichoka kutafuta, anabaki mmoja kati ya saba, asilimia 14. Hakuna aliyepata kazi, lakini kiwango kimeporomoka, na mheshimiwa fulani atasimama jukwaani kupigiwa makofi.

Nayajua haya kwa mwili wangu. Nilipomaliza digrii ya kompyuta nilizunguka na bahasha ya kaki miezi minane. Mwezi wa tano niliacha kutuma maombi, maana nauli na pesa za kuchapisha zilikwisha. Jumamosi nyingine nilitengeneza tarakilishi za saiba moja mtaani kwa shilingi mia mbili. Kwa hesabu hiyo, wiki za saiba nilikuwa mwajiriwa, na wiki nyingine sikuwepo. Mama aliyekuwa akininunulia sabuni hakuhitaji fomula kujua hali yangu.

Najua mtakaloniambia: masharti haya ni ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, na yanatuwezesha kujilinganisha na nchi nyingine. Sawa. Tena KNBS yenyewe hutoa kipimo kingine kipana kinachowaingiza waliokata tamaa, na kwa hilo nawapa heko. Ugomvi wangu ni na wanaochukua namba ndogo na kuifanya ngao. Tuliambiwa nafasi mpya 782,300 zilipatikana mwaka 2024. Ukifungua jedwali, 703,700 ni za jua kali. Kazi tisa kati ya kumi! Mtu wa mshahara na pensheni yuko safu moja na kijana anayeuza soksi Muthurwa, safu ikiitwa "kazi". Mimi nikiunda hifadhidata hivyo, nafutwa.

Hata neno "kijana" halijatulia. ILO huanza miaka 15 na kuishia 24. Katiba yetu ni 18 hadi 34. Watu wawili wanaweza kurushiana matusi redioni asubuhi nzima, kila mmoja akiwa na namba sahihi.

Na tusiambiwe teknolojia ndiyo shida. Sensa ya Agosti 2019 ilifanywa kwa tableti, ikahesabu watu milioni 47.6, na matokeo ya kwanza yakatoka Novemba. Kwa hivyo ninachotaka si muujiza. Viwango vyote viwili, kile chembamba na kile kipana, viwekwe ukurasa wa kwanza vikiwa na ukubwa sawa wa herufi. Saa alizofanya mtu wiki hiyo zionyeshwe. Na majedwali yatoke kila miezi mitatu katika faili ambayo tarakilishi inaweza kuisoma bila mimi kukesha nikinakili.