Kizuri Hakijiuzi

Waketi mashabiki wawili wa roki, mmoja ataje bendi ambayo mwenzake hajapata kuisikia, jibu huja lile lile: ingekuwa nzuri tungeijua. Anayejibu hivyo hajioni kuwa amekosa hoja, maana nyuma yake imesimama methali nzima: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mazungumzo hurudi kwa Queen, Nirvana na Linkin Park, na ile bendi iliyotajwa hufia hapo hapo mezani.

Naipinga methali hiyo. Huenda ina haki yake kwenye fungu la maembe, ambapo mnunuzi hushika, hunusa na kuchagua. Katika muziki ni uongo, na uongo huo umetugharimu watu wa Afrika Mashariki kuliko tunavyodhani.

Tuanze na wale wanaosemekana walijiuza wenyewe. Mwaka 1955 Chuck Berry alitoa "Maybellene" kupitia kampuni ya Chess ya Chicago. Ni wimbo mzuri kwa kipimo chochote. Lakini santuri ile ilitoka na majina ya watunzi zaidi ya mmoja, na mmojawapo alikuwa Alan Freed, mtangazaji maarufu wa redio ya New York ambaye hakuutunga. Freed aliupiga wimbo ule kwa bidii redioni, na fungu la mapato ya utunzi likawa lake. Berry alisubiri hadi 1986 ndipo utunzi ukarudi kuwa wake peke yake. Kufikia 1960 Bunge la Marekani lilikuwa likiwahoji watangazaji waliopokea fedha ili wapige santuri fulani na kuziacha nyingine. Basi hata wimbo wa Chuck Berry, mtu anayeidai roki yote, ulitembezwa, tena kwa bei ghali.

Au tazama mabango ya maonyesho ya San Francisco ya mwaka 1966 na 1967, ambayo mashabiki wa leo huyaweka kwenye fremu. Wes Wilson alichora matangazo ya ukumbi wa Fillmore kwa herufi zilizovimba na kujikunja kama ndimi za moto, hata msomaji akalazimika kusimama na kuhangaika nazo. Hilo halikuwa kosa la mchoraji. Mpita njia akisimama, bango limeshafanya kazi yake. Stanley Mouse na Alton Kelley walipotangaza onyesho la Grateful Dead kwenye ukumbi wa Avalon, walichukua mchoro wa kale wa Edmund Sullivan, kiunzi cha mifupa chenye taji la mawaridi, wakautia rangi, na mpaka leo picha ile ndiyo sura ya bendi hiyo. Kazi hizo sasa zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Zilipozaliwa zilikuwa karatasi za kubandikwa ukutani na kwenye vioo vya maduka ili watu wanunue tiketi. Bendi zilizokuja kuitwa kubwa zilihitaji mchoraji, mchapaji, gundi na vijana wa kuzunguka mitaani. Kama kizuri kingekuwa kinajiuza, ukuta wa San Francisco ungebaki mtupu.

Sasa wageukie waliokosa watu hao. Big Star walikuwa vijana wa Memphis, na mwaka 1972 walitoa albamu ya kwanza, "#1 Record". Wahakiki waliisifu sana. Usambazaji ulikuwa mikononi mwa kampuni ya Stax, na santuri hazikufika madukani kwa wingi. Mtu aliyesoma sifa zake gazetini akaenda kununua, aghalabu alirudi mikono mitupu. Chris Bell, mmoja wa waanzilishi wake wawili wakuu, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1978 bila kuona bendi kama R.E.M. zikiwataja kuwa walimu wao. Huko Detroit, ndugu watatu Weusi wa ukoo wa Hackney walirekodi mwaka 1975 muziki wa kasi na hasira ambao baadaye ungeitwa panki. Bendi yao iliitwa Death. Clive Davis, mkubwa katika biashara ya santuri, alitaka wabadili jina. David, kaka mkubwa, akakataa. Walitoa santuri ndogo kwa fedha zao, nakala 500 tu, kisha kanda zikawekwa kando. Zilitoka kama albamu mwaka 2009. David alikuwa amekwisha kufariki mwaka 2000. Nauliza: kati ya 1975 na 2009 ni noti gani iliyobadilika kwenye kanda zile? Hakuna hata moja. Muziki ulikuwa mzuri siku zote, na siku zote hizo haukujiuza.

Lakini habari inayoniuma zaidi iko karibu na nyumbani. Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na roki yake, Zamrock, iliyochangamka hasa katika miji ya migodi ya shaba. Rais Kaunda alikuwa ameagiza redio ipige muziki wa Kizambia kwa sehemu kubwa kabisa ya vipindi vyake, na vijana waliokuwa wakiiga Rolling Stones na Hendrix wakatunga vya kwao, kwa Kiingereza na kwa Kibemba na Kinyanja. Bendi ya WITCH iliongozwa na Emmanuel Chanda, aliyepewa jina la jukwaani Jagari kwa kufananishwa na Mick Jagger. Palikuwa na Amanaz, palikuwa na Paul Ngozi, palikuwa na Rikki Ililonga na kundi lake la Musi-O-Tunya lililopiga na kurekodi Kenya. Roki hii haikuwa hadithi ya mbali, ilipita Nairobi.

Kisha bei ya shaba ikaanguka katikati ya muongo ule. Fedha za kigeni zikakauka, vyombo na nyuzi za gita zikawa taabu kupatikana, amri za kutotoka nje usiku zikafunga kumbi, na baadaye UKIMWI ukaondoka na wengi wa wanamuziki wale. Jagari akaenda kuchimba vito. Nionyeshe ndani ya orodha hiyo ni wapi ubora wa muziki ulipohusika. Shaba, sarafu na maradhi ndivyo vilivyoamua, na mtu anayesema bendi hizo zilisahauliwa kwa kukosa uzuri anawahukumu wafu kwa kosa la soko la madini.

Dar es Salaam nayo ilikuwa na Sunburst, iliyochanganya roki, soul na midundo ya Kiafrika, na albamu yake "Ave Africa" ilitoka mwaka 1976 huko Zambia. Kwa nini Zambia? Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania, kanda zikabaki kabatini kwa matumizi ya matangazo, na aliyetaka santuri alivuka mpaka, mara nyingi kwenda Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa kwa miaka kadhaa. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 1969, muziki wa soul ulikuwa umeshapigwa marufuku kwenye madansi ya Dar es Salaam. Kijana wa Kitanzania aliyependa gita lenye mngurumo alikuwa akipambana na serikali, mpaka na kiwanda kisichokuwepo. Leo mjukuu wake anaambiwa kwamba roki si yetu, ni ya Wazungu, kwa sababu hajui bendi yoyote ya kwetu. Methali ile ndiyo inayomfundisha kutotafuta.

Nimewahi kujibiwa kwamba mambo hayo yote yamenisuta mwenyewe: Death wamejulikana, Zamrock imejulikana, Sunburst wametolewa upya na kampuni ya Strut, basi kizuri kimejiuza hatimaye, kimechelewa tu. Hapana. Kila kimoja kilibebwa na mtu. Wakusanyaji walipanda ndege kwenda Lusaka, wakatafuta santuri zenye mikwaruzo, wakawatafuta wanamuziki au jamaa zao, wakasaini mikataba, wakachapa upya. Mwaka 2024 Tyler, the Creator alitumia wimbo wa Paul Ngozi ndani ya "Noid", na mamilioni wakaisikia sauti ya mtu aliyefariki 1989. Waliofanya kazi hiyo ya kubeba wengi wao walitoka Ulaya na Marekani. Nawashukuru. Hata hivyo inauma kwamba sisi, tuliokuwa na santuri hizo sebuleni, ndio tulioziacha zikavunjika. Tena hesabu yenyewe ina udanganyifu: tunaowataja ni waliookolewa. Bendi ambayo kanda yake ilifutwa ili kirekodiwe kitu kingine haiwezi kuja kutoa ushahidi.

Wala sisemi kwamba kila kisichojulikana ni dhahabu. Zipo santuri adimu ambazo ni mbovu, na yupo shabiki anayezipenda kwa uadimu wake tu. Huyo naye hasikilizi muziki. Ninachodai ni kwamba umaarufu usitumike kama ushahidi. Sikiliza kwanza, kisha uhukumu.

Jambo hili halijaisha na miaka ya 1970. Mwaka 2020 Duma, wawili kutoka Nairobi wenye muziki mkali kupita kiasi, walitoa albamu kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na wahakiki wa ng'ambo wakawaandika kwa heshima. Muulize shabiki wa roki wa Nairobi kama ameisikiliza. Wengi hawajafanya hivyo, na wengi wanasubiri kuona kama itavuma, ilhali wao ndio waliopaswa kuivumisha.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji, acha kungoja. Bendi ya mtaa wako ikipiga, lipa kiingilio, usiombe kuingia bure kwa kuwa unamjua mpiga dramu. Ukitajiwa jina usilolijua, sikiliza nyimbo tatu kabla hujafungua mdomo. Bango la onyesho usilitupe; andika nyuma yake mwaka na ukumbi, lipige picha, lihifadhi. Na kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyepiga gita Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi au Lubumbashi wakati ule, mwulize majina ya wenzake wote jukwaani, na uyaandike wiki hii.