Kiyoyozi hakipozi? Usikimbilie gesi

KILA mwaka kati ya Januari na Machi, jua linapochoma, mafundi wa viyoyozi jijini Nairobi hukosa hata nafasi ya kula chakula cha mchana. Kuanzia ofisi za katikati ya jiji hadi fleti za Kilimani, Kileleshwa, Lavington na Westlands, malalamiko ni yale yale: mashine inanguruma, stima inaliwa, lakini chumba hakipoi. Na jibu analopewa mteja aghalabu ni moja tu: "Gesi imeisha, mama. Tuongeze."

Maoni yangu ni kwamba jibu hilo lisikubaliwe bila ushahidi. Kwa miaka mingi kila mwenye homa hapa kwetu aliitwa mgonjwa wa malaria na kupewa dawa, hata Nairobi ambako malaria si ya kawaida. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo atibiwe. Kiyoyozi nacho ni hivyo hivyo. Kutopoza ni dalili, si ugonjwa, na anayetibu dalili bila kupima hula pesa zako huku ugonjwa ukibaki palepale.

Tuelewe kwanza gesi yenyewe. Si kama petroli ya gari wala gesi ya kupikia, kwani haitumiki ikaisha. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, ikichukua joto la chumbani na kulitupa nje, kisha ikarudi kuchukua jingine. Mashine iliyofungwa vizuri yaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuongezwa hata gramu moja. Ikiwa gesi imepungua kweli, basi kuna mahali inapovujia, na kuongeza nyingine bila kupaziba ni kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mshukiwa wa kwanza, kabla ya gesi, ni uchafu. Mitaa ya magharibi mwa Nairobi imekuwa uwanja wa ujenzi kwa miaka mingi. Vumbi la maghorofa yanayopanda kila kona, pamoja na moshi wa magari, huingia nyumbani na kunaswa na chujio la kiyoyozi. Chujio likiziba, hewa haipiti vya kutosha juu ya mabomba baridi yaliyo ndani ya mashine. Mabomba hayo hupata baridi kupita kiasi na kushika barafu. Mwenye nyumba akiona barafu hudhani mashine ina nguvu mno. Kumbe imezibwa pumzi.

Hapa ndipo jambo hili linapokuwa la afya, wala si la starehe tu. Mabomba hayo hutoa jasho wakati wote mashine inapofanya kazi. Vumbi likikutana na maji hayo gizani, kuvu huota, na feni hutawanya mbegu zake chumba kizima. Kwa mtu mwenye pumu au mzio, hasa mtoto, matokeo yake ni kupiga chafya, kukohoa na kubanwa kifua. Ukisikia harufu ya soksi mbichi mashine inapowashwa, au ukiona mtoto akikohoa chumbani humo na kupata nafuu akitoka, zima mashine na isafishwe. Mtoto naye apelekwe kwa daktari, kwa maana fundi hatibu kifua.

Msomaji, kuna mambo unayoweza kukagua mwenyewe kabla ya kumpigia fundi simu. Kwanza tazama rimoti. Mashine huenda imewekwa kwenye alama ya feni badala ya ile ya theluji, au kiwango cha joto kimewekwa juu ya joto la chumba. Pili, zima mashine, chomoa chujio na uliinue kwenye mwanga. Usipoona mwanga ukipenya, lioshe kwa maji na sabuni laini, likaushe kivulini, kisha ulirudishe. Wakati wa joto fanya hivyo kila baada ya wiki mbili hadi nne.

Tatu, kagua sehemu ya nje bila kuihatarisha shingo yako. Kama iko ukutani ghorofa ya tano, mwachie fundi. Je, feni yake inazunguka? Je, imezibwa na nguo, tangi la maji au masanduku? Sehemu hiyo ndiyo inayotupa joto nje. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo hubeba joto kidogo zaidi. Ukiiziba kwa vumbi, hasara huongezeka.

Nne, pima. Tumia kipimajoto cha chumba, si kile cha kupimia homa. Acha mashine ifanye kazi dakika 15, kisha pima hewa inayoingia juu ya mashine na ile inayotoka mdomoni mwake. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi huonyesha kwamba mashine inafanya kazi yake. Ikiwa tofauti ni nzuri na bado chumba kina joto, mwenye kosa ni chumba: dirisha kubwa la kioo linalotazama magharibi, mlango usiofungika, au mashine ndogo kuliko nafasi. Mashine ya BTU 12,000 hutosha chumba cha kulala cha kawaida. Sebule iliyoungana na jikoni huishinda. Pazia zito saa tisa alasiri laweza kukusaidia kuliko mtungi mzima wa gesi.

Tofauti ikiwa ndogo hata baada ya kusafisha, au barafu ikirudi, sasa mwite fundi, nawe usimame umwangalie. Fundi mzuri huosha mabomba ya ndani na nje, hukagua mfereji wa maji, na hupima kapasita, kifaa kidogo kinachoisaidia feni na kompresa kuanza kuzunguka. Kifaa hicho kikichoka, mashine hunguruma bila kupoza, na kukibadilisha ni kazi ya muda mfupi. Akishuku gesi, hutafuta alama za mafuta kwenye maungio ya mabomba na kuyapaka povu la sabuni ili aone panapovuja. Akipapata hupaziba, hujaribu kwa naitrojeni, hunyonya hewa yote kwa pampu, kisha hupima gesi kwa mizani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibati cha mashine. Anayefungulia gesi kwa kukadiria tu anabahatisha, na gesi ikizidi mashine hushindwa kupoza vilevile.

Lakini usifungue sehemu za umeme mwenyewe. Kapasita yaweza kukurusha hata baada ya stima kuzimwa. Gesi ikiruka majimaji huunguza ngozi na macho kwa baridi kali, na baadhi ya gesi mpya, kama R-32, zaweza kushika moto.

Gesi inayovuja haimhusu mwenye nyumba peke yake. R-22, iliyojaa katika mashine nyingi za zamani, hula tabaka la ozoni linalotukinga na miali ya jua. Inaondolewa polepole chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. R-410A iliyoshika nafasi yake haidhuru ozoni, lakini kilo moja ya gesi hiyo hupasha dunia joto zaidi ya kilo 2,000 za hewa ya ukaa. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali mwaka 2016 na kukubaliana kupunguza gesi za aina hiyo. Sekretarieti ya mkataba huo wa ozoni iko papa hapa Nairobi, katika ofisi za Umoja wa Mataifa, Gigiri. Ni aibu kwamba maili chache kutoka hapo tunaendelea kumwaga gesi angani kila msimu wa joto, kisha tunalipia nyingine.

Tusisahau pia kwamba viyoyozi vingi vya ukutani haviingizi hewa mpya. Huzungusha ile ile iliyomo. Katika ofisi ya katikati ya jiji iliyofungwa madirisha kutwa nzima, mtu mmoja mwenye kifua kikuu au homa ya mafua huwapumulia wote. Mungu ametujalia jiji ambalo usiku wa Februari hushuka hadi karibu nyuzi 15. Tufungue madirisha asubuhi na jioni.

Wenye majumba nao wana wajibu. Mkataba wa kupanga nyumba yenye kiyoyozi utaje ni nani anayekisafisha na ni lini. Mpangaji naye adai risiti inayoonyesha kilichopimwa, kilichozibwa na gramu zilizowekwa. Fundi akisema gesi imeisha, mwulize kwa upole: inavujia wapi? Asipokuwa na jibu, hajamaliza kazi, na wewe usilipe.