Mpeni bisibisi

Huku kwetu Musoma na Bunda, mtoto akifungua pedi ya gemu huchapwa kabla hajaulizwa alikuwa anatafuta nini. Mimi namtetea.

Nazungumzia zile gemu za zamani za kuchomeka kwenye runinga, nyingi zikiwa nakala za Famicom, ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Kitufe kikigoma tunasema pedi imekufa, inanunuliwa nyingine. Lakini fungua skrubu za nyuma uone: bodi moja, na chini ya vitufe raba laini yenye kidonge cheusi cha kaboni. Ukibonyeza, kaboni inagusa njia mbili za shaba, umeme unapita. Basi! Mara nyingi ugonjwa ni uchafu tu (soda iliyomwagika, hasa), na pamba yenye spiriti kidogo inautibu.

Aristotle alifundisha kwamba kukijua kitu ni kuzijua sababu zake. Sisi tunazikariri zote nne darasani. Mtoto mwenye bisibisi ameshaanza kuzitafuta. Naye Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967 alitaka shule zijenge akili ya kudadisi. Tunamsifu, kisha tunamchapa mdadisi.

Mzazi atasema: ataharibu. Kweli, ataharibu. Ndiyo maana aanze na pedi iliyokwisha kufa, iliyochomolewa kabisa, na skrubu ziwekwe kwenye kisosi zisipotee. Walezi wa vijana parokiani, zile mbovu mlizorundika stoo zitoeni Jumamosi hii.