Mdeni akiwa ng'ambo, shika mzigo wake ulio huku

Wewe unayevuka Rusizi kwenda Bukavu na ndoo ya sambaza unaijua kanuni hii. Mteja wa ng'ambo akikataa kulipa, humfuati hadi mji ambao hujui mtu wala ofisi. Unangoja mzigo wake ufike upande huu, kisha unakwenda kwa wakubwa kuomba uzuiwe.

Leo nataka tuitumie kanuni hiyo katika jambo ambalo watu wengi, hata hapa Nkanka, hulikatia tamaa: wimbo ulioimbwa kwetu ukaliwa na kampuni ya ng'ambo. Husikii ila, "Kampuni iko Ulaya, utaishitaki wapi?"

Jibu lilipatikana Afrika Kusini. Solomon Linda alirekodi wimbo "Mbube" Johannesburg mwaka 1939. Haki zake aliziuza kwa shilingi 10, akafa maskini mwaka 1962, wakati wimbo huo, kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight", ukivuma Marekani. Mwaka 1994 ukasikika katika filamu ya Disney, The Lion King.

Mwaka 2004 warithi wake walifungua kesi Pretoria, si Marekani. Mwanasheria wao, Owen Dean, alifukua sheria ya Kiingereza ya mwaka 1911, iliyosema kuwa haki alizouza mtunzi hurudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Na ili kampuni ya mbali ijibu mbele ya mahakama ya nyumbani, waliomba zikamatwe alama za biashara za Disney zilizoandikishwa Afrika Kusini, zaidi ya 200. Mahakama ikakubali. Februari 2006 wakapatana na Abilene Music, kampuni ya Marekani iliyoshika haki za wimbo huo, na warithi wakalipwa.

Sasa tazama "Malaika" wetu. Fadhili William wa Kenya aliurekodi, Miriam Makeba akaueneza, na mwaka 1981 Boney M wa Ujerumani wakauimba. Lakini nyumbani ubishi haukwisha kama mtunzi ni Fadhili au Adam Salim. Utamdai vipi Mjerumani, ikiwa wenyewe hatukubaliani nani alipwe?

Rwanda imo katika Mkataba wa Berne tangu mwaka 1984. Chini ya mkataba huo kazi ya mtunzi hulindwa katika nchi wanachama bila kuandikishwa kwanza. Haki basi tunayo. Tunachokosa ni ushahidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Wewe uliyerudi kutoka Kongo na nyimbo za kwaya yenu, tunza kanda, barua na majina ya wote waliotunga. Andika tarehe. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa kwa bei ya soda.

Atasema mtu kwamba wanasheria ni ghali. Kweli, hata warithi wa Linda walisaidiwa gharama na serikali yao. Basi kwaya na vikundi vichangie pamoja, kama mnavyochangia gari la mzigo. Tena sheria za Pretoria si zetu. Mwulizeni mwanasheria wa hapa. Lakini mwanzeni na swali la mfanyabiashara: huyu mdeni ana nini upande huu?