Ati lugha ni lugha tu? Zii.

Wasee wa programu hupenda kuniambia hivi: lugha ni lugha tu, cha muhimu ni vile umepanga kazi yako. Mimi nakataa. Kuna lugha inakujengea ukuta, na kuna ingine inakupea chaki uchore laini halafu uombe watu wasivuke.

Cheki Go. Jina la fankisheni likianza na herufi kubwa, vifurushi vingine vinaliona. Likianza na herufi ndogo, limefungiwa ndani. Yaani Lipa inaitwa na yeyote, lipa ni ya wenye nyumba. Ukilazimisha, kompaila inakataa. Kwa Python, ukiandika _lipa, kile kistari ni ombi tu, na mwenye haraka atapita. Watu wa Python hujitetea ati sisi sote ni watu wazima. Sawa, hata ploti zetu za Riruta zimejaa watu wazima, lakini mita ya stima ikiwa moja, lazima kuna mtu atawasha koili.

Nimeona ikiuma. Duka moja Kawangware lilikuwa na mfumo wa JavaScript ya kizamani. Hiyo lugha ilipata import na export rasmi mwaka wa 2015. Kabla ya hapo, faili zote za ukurasa zilitupa majina kwa kapu moja. Faili moja iliita "jumla" bei ya bidhaa za mteja. Ingine, ya msee mwingine, ikaita "jumla" mauzo ya siku nzima. Mama amechukua unga na sukari za shilingi 340, simu inamwambia aweke PIN ya M-Pesa alipe 41,200. Na kila faili ikiwa peke yake ilikuwa poa kabisa! Kuzigeuza kuwa moduli, kila moja na majina yake, ndiyo ilimaliza hiyo stori.

Ndio, watu makini hujipanga bila lugha kuwasaidia. Ushahidi, iliyozaliwa hapa Kenya 2008, matoleo yake ya mapema yaliandikwa kwa PHP, na PHP ilipata njia ya kutenga majina 2009 kwa toleo la 5.3. Kwa hivyo mipaka iliandikwa ndani ya majina yenyewe: Incident_Model, Main_Controller. Ilishika, lakini kwa nidhamu ya watu.

Kwa hivyo ukiniuliza uanze na lugha gani, nitakuuliza nani ataishika kazi ukitoka. Kama ni wewe tu, tumia yoyote. Kama ni vijana watatu wanaolipwa kwa wiki na hawajawahi kuonana, chukua ile inakataa.