Miwani ya duara ilitoka serikalini, si kwa wahuni

Miwani ya duara yenye fremu nyembamba ya waya imerudi machoni mwa vijana, na wazee washaanza kunung'unika: uhuni huo, uhipi huo. Wa Lamu wana lao la kukumbuka, maana miaka ya 1970 mahipi wa Ulaya na Marekani walijaa kisiwani. Lakini chanzo cha miwani hii si uhuni.

Uingereza ilipoanzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948, miwani ilitolewa bure. Fremu zilikuwa za aina chache, ya duara ikiwemo, na aliyeivaa alichekwa kwa kuvaa cha serikali. Mwaka 1951 ilipoamuliwa wananchi wachangie gharama ya miwani na meno ya bandia, Aneurin Bevan, aliyeiasisi huduma hiyo akiwa waziri wa afya, alijiuzulu. Waziri mzima aache kiti kwa ajili ya miwani! Hapa kwetu sijui kama tungemwelewa.

Ndipo John Lennon wa Beatles, akiigiza askari katika filamu ya How I Won the War mwaka 1966, akavishwa miwani hiyo ya duara. Ikawa alama yake. Tajiri kuvaa cha maskini, uasi wenyewe ndio huo, na vijana waliopinga vita vya Vietnam wakaiga, wengine kwa vioo vya rangi. Alipouawa kwa risasi New York, Desemba 1980, alikuwa ameivaa. Mwaka 2013 mjane wake, Yoko Ono, aliisambaza mtandaoni picha ya miwani hiyo yenye damu, kupinga bunduki Marekani.

Kwa hiyo ugomvi wa adabu hautufai kitu. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, tumebishana kuhusu makato na madeni ya hospitali; macho hayatajwi sana. Mtoto asiyeona ubao huitwa mzito wa kusoma. Fundi cherehani akifika miaka 45 hawezi kutunga uzi sindanoni, na tiba yake ni kioo tu, si upasuaji. Afya iko mikononi mwa kaunti. Wawakilishi wa wadi wanaokuja kwenye harusi zetu na waulizwe: ni shule ngapi za wadi yako zimepimwa macho mwaka huu, na waliokutwa na shida walipewa miwani au barua tu?